Mwaka mmoja wa konea na lenzi kusini mwa India: tathmini ya mafunzo ya ubobezi kwa wataalamu wa optometria

Tangu nirudi nyumbani, wenzangu wanaomaliza masomo ya optometria, yaani taaluma ya kupima macho, pale KCMC Moshi, Makerere na Masinde Muliro wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza swali lile lile: je, mafunzo ya lenzi za machoni, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, na utunzaji wa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, yanastahili mwaka mzima wa maisha ya mtu pamoja na akiba yake yote? Jibu langu ni ndiyo, ila ndiyo hiyo ina masharti, na masharti yenyewe hayaelezeki kwa simu ya dakika tano. Taasisi niliyosomea sitaitaja, kwa sababu nitayasema na mapungufu yake, na walimu walionilea wangali kazini. Inatosha kusema kwamba ni hospitali kubwa ya macho iliyoko kusini mwa India, katika eneo linalozungumza Kitamil, na kwamba mafunzo yake ya miezi 12 hutolewa kwa mtu mwenye shahada ya optometria ambaye tayari amefanya kazi ya kupima macho.

Niseme mapema kwamba mafunzo haya si shahada ya uzamili. Ni mafunzo ya vitendo, na cheti chake kinathibitisha kwamba umekaa mbele ya wagonjwa kwa mwaka mzima chini ya uangalizi. Darasani walimu wetu walifuata kwa kiasi kikubwa mtaala wa IACLE, chama cha kimataifa cha walimu wa lenzi kilichoanzishwa mwaka 1979, na masomo hayo yalichukua saa moja tu alfajiri kabla ya kliniki kufunguliwa. Muda wote uliobaki ulikuwa wa wagonjwa, na hapo ndipo penye thamani ya mafunzo haya.

Wiki sita za kwanza hatukugusa lenzi hata moja. Tulikuwa wanafunzi wanne, na kila asubuhi tulikaa mbele ya sliti-lampu, ile darubini yenye mwanga mwembamba ambayo kila mpima macho anaijua, tukafundishwa upya namna ya kuutumia mwanga wake: kuupanua uumulike uso mzima wa jicho, kuubana uwe mwembamba kama wembe ili uikate konea na kuonyesha unene wake, kuurusha pembeni kwenye weupe wa jicho ili konea ing'ae kwa ndani, na kuuacha urudi kutoka nyuma ya jicho ili kasoro ndogo ionekane kama kivuli. Nilikwenda nikiamini kwamba sliti-lampu naijua, maana nilikuwa nimeitumia miaka minne. Siku ya pili mwalimu alitugawia penseli za rangi, za aina ile ile wanayotumia watoto wa darasa la kwanza, akatuamuru tuchore kila konea tunayoiona: kijani mahali ambapo fluoresini, rangi inayong'aa na kuonyesha palipochubuka, imeshika, buluu kwa uvimbe wa maji, nyekundu kwa mishipa ya damu, njano kwa usaha na mkusanyiko wa chembe za uvimbe, kahawia kwa rangi ya asili ya jicho, na nyeusi kwa kovu.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na doa moja jeusi tu. Mwalimu aliutazama, akanirudishia bila kusema neno. Nikamtazama tena yule mama, mtu wa makamo aliyekuwa amevaa lenzi laini kwa miaka mingi na kulala nazo usiku, na safari hii nikaubana mwanga taratibu kuanzia ukingoni. Mahali ambapo kwenye uso wa saa pangekuwa na namba 5, palikuwa na mishipa miwili ya damu myembamba kuliko uzi, imevuka mpaka wa konea na kuelekea katikati. Konea yenye afya haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata moja kwa moja hewani, na mtu anapofumba macho usiku kiwango hicho hupungua sana. Ukiongeza lenzi isiyopitisha oksijeni ya kutosha juu ya jicho lililofumba, konea huvimba, na baada ya miaka mishipa huanza kuingia kuitafuta hewa. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walipima jambo hili na kuonyesha kwamba lenzi ya mchana inahitaji kipimo cha upitishaji oksijeni kisichopungua 24, na ya kulala nayo inahitaji 87. Tarakimu hizo nilizikariri chuoni kwa ajili ya mtihani, lakini nilizielewa siku ile nikiwa nimeshika penseli nyekundu.

Baada ya hapo tukahamia kwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea ichongoke, na kama kuna sababu moja ya mtu wa Afrika Mashariki kwenda kusoma jambo hili, ni hii. Kwetu watoto wengi wana mzio wa macho wa muda mrefu, wanafikicha macho usiku na mchana, na baadhi yao wakifika umri wa sekondari konea huanza kuwa nyembamba na kuchomoza mbele kama pia ya kuchezea watoto. Konea ya kawaida ina unene wa zaidi kidogo ya nusu milimita na nguvu ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) takriban 43. Ya keratokonasi inaweza kupita 50 kwa urahisi, tena imepinda ovyo kiasi kwamba hakuna kioo cha miwani kinachoweza kuirekebisha. Mtoto hubadilishiwa miwani kila muhula, wazazi wakauza mbuzi, na bado ubaoni haoni. Lenzi ngumu inayopitisha oksijeni humpa uso mpya laini wa kuonea, kwa kuwa machozi hujaza mabonde yaliyo kati ya lenzi na konea.

Namna ya kuichagua lenzi hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Unaanza na hesabu: gawanya 337.5 kwa nusu-kipenyo cha mkunjo kwa milimita, hivyo mkunjo wa 7.8 ni dayopta 43 na ushei, na wa 6.5 ni karibu 52; namba ya milimita ikipungua, mkunjo ni mkali zaidi. Hesabu hukufikisha mlangoni tu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa ufundi wa magari, aliyekuja akiwa anasoma 6/60 kwa jicho la kulia, yaani akiwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60. Nilimwekea lenzi ya mkunjo wa 6.70 kutoka kwenye seti ya majaribio, yaani lenzi za kujaribishia mgonjwa kabla ya kuagiza yake, nikatia fluoresini, nikawasha mwanga wa buluu na kuweka kichujio cha njano. Katikati palionekana doa jeusi pana, maana yake lenzi ilikuwa imelalia ncha ya konea na ingeikwaruza hadi ikatoka kovu. Nikaweka ya 6.40. Safari hii palijaa kijani kibichi katikati na kiputo cha hewa juu yake, maana lenzi ilikuwa imeinuka mno. Nilipoweka ya 6.55 nilipata kile tulichokuwa tukikitafuta: mguso mwepesi kwenye ncha, kama pumzi juu ya kioo, migusano miwili pembeni inayobeba uzito wa lenzi, na utepe mwembamba wa kijani ukingoni ambako machozi huingia na kutoka. Nikataka kuandika oda. Mwalimu akanizuia, akasema kijana akae nje nusu saa. Aliporudi machozi ya mshtuko yalikuwa yamekauka, lenzi imetulia, na mguso wa katikati umekuwa mzito kuliko nilivyoona mwanzo. Tukaishia kwenye 6.50, na kijana akasoma 6/9. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika oda ya lenzi ngumu kabla mgonjwa hajakaa nayo nusu saa, hata foleni ikiwa imefika barabarani.

Lenzi za sklera, zile kubwa zinazoegemea weupe wa jicho na kuivuka konea bila kuigusa, zilichukua miezi miwili mizima. Wazo lake ni la zamani: Adolf Fick aliandika kuhusu lenzi za kioo za namna hii mwaka 1888, lakini kioo hakikupitisha oksijeni, kwa hiyo watu walizivumilia kwa saa chache tu. Za leo zinapitisha, na kwa mtu mwenye konea iliyoharibika vibaya, au jicho lililokauka kwa sababu ya ugonjwa wa Stevens-Johnson, mmenyuko mkali unaochubua ngozi na utando wa macho, ni msaada mkubwa kupita maelezo. Unaijaza lenzi kama bakuli kwa maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi, mgonjwa anainama hadi uso unaangalia sakafu, unaipandisha moja kwa moja bila kuinamisha. Ukisita kidogo, kiputo cha hewa kinaingia na unaanza upya. Nilianza upya mara nyingi sana. Kisha unaubana mwanga wa sliti-lampu na kulinganisha unene wa lenzi na unene wa tabaka la maji lililo chini yake. Mwanzoni unataka mikroni 200 hadi 300 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa kuwa lenzi ikikaa saa kadhaa huzama kwa takriban 100. Kukadiria mikroni kwa macho matupu hufundishwi kwa kitabu. Unafundishwa na mwalimu anayesimama nyuma yako, anakuuliza ngapi, kisha anapima kwa mashine na kukuonyesha ulivyokosea.

Upande wa pili wa mafunzo ulikuwa kliniki ya konea, na hasa vidonda. Wagonjwa wengi walikuwa wakulima waliopigwa na jani la mpunga au kipande cha bua jichoni. Kusini mwa India sehemu kubwa ya vidonda hivi husababishwa na fangasi, hasa Fusarium na Aspergillus. Daktari bingwa ndiye aliyekwangua kidonda, sisi tulitayarisha vioo vya maabara. Nakumbuka asubuhi niliyotia tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kemikali inayoyeyusha seli ili fangasi waonekane, juu ya ukwanguo wa mzee mmoja, nikaangalia kwenye hadubini na kuona nyuzi za fangasi zimetawanyika kama mizizi ya nyasi. Mzee huyo alikuwa ameshatumia matone ya steroidi kwa wiki mbili, aliyouziwa duka la dawa bila kupimwa. Steroidi hupunguza wekundu na maumivu, mgonjwa akadhani anapona, kumbe fangasi anashamiri. Dawa yake ni natamaisini ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Mtu yeyote aliyefanya kazi vijijini kwetu wakati wa mavuno ya mahindi anawajua wagonjwa wa aina ya mzee huyo, na mafunzo haya yalinipa jambo ambalo nilikuwa silijui vizuri, yaani kutambua mapema kidonda ambacho si changu na kukipeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kulikuwa na mengine ambayo nitayapitia haraka. Lenzi za watoto wachanga waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, zenye nguvu ya dayopta 20 na zaidi, tulizifanya chache lakini kwa uangalifu mkubwa. Lenzi zilizopakwa rangi kwa ajili ya jicho lenye kovu jeupe zilinigusa kuliko nilivyotarajia. Nilimwona binti akijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akaondoa mkono ambao tangu aingie alikuwa ameufunikia upande mmoja wa uso. Somo la lenzi za kulala nazo usiku ili kupunguza kasi ya upeo mfupi (kutoona mbali vizuri) kwa watoto lilikuwa la nadharia zaidi.

Mafunzo ya usafi yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyaona, na sababu ni kwamba walimu walijua maisha ya wagonjwa wao. Maji ya bomba na ya kisima yanaweza kubeba akanthamiba, kijidudu ambacho kikiingia kwenye konea huleta maumivu makali na tiba ya miezi mingi, kwa hiyo lenzi na kikebe chake havitakiwi kuguswa na maji hayo kabisa. Sasa mwambie hivyo mtu anayetia udhu mara tano kwa siku. Mwalimu mmoja, mwanamke Mwislamu, alikuwa na maelezo yake aliyoyatoa kwa upole kila siku: udhu unadai kuosha uso, haudai kuingiza maji ndani ya jicho, fumba macho vizuri unapoosha, jifute kwa kitambaa safi kabla ya kuyafumbua, na lenzi zivaliwe kwa mikono mikavu. Maelezo hayo nimeyachukua kama yalivyo, nayatumia leo kwa wagonjwa wangu, na nimeona wanavyopumua kwa nafuu wanapogundua kwamba hawalazimiki kuchagua kati ya swala na lenzi.

Nije kwenye mapungufu. La kwanza na lililoniumiza zaidi ni kwamba katika mwezi wa nane na wa tisa tulihamishiwa kwenye kaunta ya kuuzia lenzi laini na lenzi za rangi za urembo. Tuliambiwa ni sehemu ya mafunzo, lakini hapakuwa na mwalimu pale, palikuwa na meneja na hesabu za mauzo ya siku. Mtu aliyevuka bahari kwa akiba yake kujifunza konea iliyopinda hapaswi kutumia miezi miwili akiwauzia vijana wanaojiandaa kwa harusi lenzi za rangi ya asali. Nililalamika kwa maandishi, nikajibiwa kwa adabu, na hakuna kilichobadilika. Kwa hesabu yangu, hii ilikuwa miezi 10 ya mafunzo inayolipiwa kama 12.

La pili ni lugha. Wagonjwa wengi hawakuzungumza Kiingereza, na hakuna aliyetuandalia hata wiki moja ya Kitamil. Nilijifunza mwenyewe kusema "mele paarunga" kwa tazama juu na "keezha paarunga" kwa tazama chini, na kwa maneno hayo nilipima macho mwaka mzima, lakini historia ya ugonjwa niliipata kwa kupitia muuguzi, na mengi yalipotea njiani. Anayekwenda aanze kujifunza akiwa bado nyumbani.

La tatu linahusu tiba ya kuzuia keratokonasi isiendelee, ile ambayo konea hulowekwa vitamini B2 kisha ikamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Utaratibu wake wa asili, uliotangazwa na watafiti wa Dresden mwaka 2003, ni wa nusu saa ya mwanga. Lenzi humwezesha mgonjwa kuona lakini haizuii ugonjwa usonge mbele, kwa hiyo kujua nani apelekwe kwenye tiba hiyo, na lini, ni nusu ya kazi yetu kwa mtoto wa miaka 14. Somo hili lilipewa mhadhara mmoja. Vigezo vya rufaa nilijisomea mwenyewe baadaye.

La nne si kosa la mtu yeyote, ila ndilo litakalomkuta kila anayerudi. Kule maabara ya kuchonga lenzi ilikuwa ghorofa ya juu. Oda ya asubuhi iliweza kurudi kesho yake. Hapa Dar es Salaam mimi huagiza nje, nasubiri kwa wiki, na lenzi ikifika haikai sawa, inabidi nianze safari upya huku mgonjwa akiwa ameshalipa nauli mara tatu kutoka Morogoro. Mafunzo hayakugusa hata kidogo namna ya kufanya kazi mbali na maabara: ni lenzi zipi za majaribio za kuanza nazo ukiwa na fedha kidogo, namna ya kupunguza marekebisho, namna ya kupanga bei ambayo familia ya mwalimu wa shule ya msingi inaweza kuilipa kwa awamu. Miezi saba ya kwanza baada ya kurudi nilikuwa na ujuzi mkononi na sina lenzi. Mwishowe nilinunua seti ndogo ya lenzi ngumu za keratokonasi kutoka kwa mtaalamu aliyekuwa anastaafu, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Aidha, mwajiri wangu wa wakati ule hakuongeza hata shilingi kwenye mshahara, kwa hoja kwamba cheti hakina neno shahada. Anayetafuta kupanda daraja kazini achague uzamili wa chuo kikuu, hata kama huko atawaona wagonjwa wachache.

Ningependekeza mafunzo haya kwa mtu ambaye amefanya kazi angalau miaka miwili, aliyekwisha kuwaona watoto wa mzio na vijana wa keratokonasi wakiondoka kliniki bila msaada, na ambaye ana mahali pa kurudi penye sliti-lampu nzima na kifaa cha kupima mkunjo wa konea. Kwa mhitimu mpya ni mapema mno. Wiki zile sita za penseli zitampita bila kumwachia kitu, kwa sababu hajakosea vya kutosha ili ajue anachosahihishwa. Kabla ya kulipa ada, aombe kwa maandishi ratiba ya miezi yote 12, si ya miezi mitatu ya kwanza tu, na aulize ni wagonjwa wangapi wa lenzi ngumu na wa sklera ambao mwanafunzi aliyemtangulia aliwahudumia kwa mikono yake mwenyewe. Kama kuna miezi ya kaunta, ajadiliane kuibadilisha kuwa ya maabara, akajifunze kung'arisha ukingo wa lenzi na kuisoma kwenye mashine. Mwenzangu kutoka Nepal alifanya hivyo na leo anarekebisha lenzi zake mwenyewe bila kuzirudisha kiwandani. Na katika bajeti, bei ya seti ya majaribio iwekwe pamoja na ada na nauli tangu siku ya kwanza, kisha seti yenyewe inunuliwe kule kule kabla ya kupanda ndege ya kurudi.